Nyasi Kavu au Pelleti kwa Sungura Mchanga?

Anayefuga sungura mchanga nyumbani hapa Nakuru hukuta mambo mawili katika duka la vyakula vya mifugo: robota la nyasi kavu za Boma Rhodes na mfuko wa pelleti, yaani chakula kilichosagwa na kushindiliwa kuwa vipande vidogo. Pelleti zina protini na madini yaliyopimwa, jambo lenye manufaa kwa sungura aliyeachishwa kunyonya katika wiki ya 8 hivi na ambaye mifupa yake ingali inakua. Lakini huliwa upesi, na zikijazwa chomboni mnyama huziacha nyasi.

Nyasi hufanya kazi ambayo pelleti haziwezi. Meno ya sungura hayakomi kukua maisha yake yote, na hupunguzwa kwa kutafuna nyasi kwa muda mrefu. Tena nyuzinyuzi zake ndizo zinazoyaendesha matumbo, ambayo yakisimama hata kwa nusu siku maisha yake yamo hatarini. Kwa hiyo naziweka nyasi mbele bila kusita, ziwepo usiku na mchana, na pelleti ziwe nyongeza ndogo.

Kabla ya sungura kutimiza miezi 6 au 7, nyasi zichanganywe na lusini (alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde) iliyokaushwa, yenye kalsiamu na protini nyingi. Baadaye lusini iondolewe hatua kwa hatua, kwa maana kalsiamu ikizidi humletea sungura mzima maradhi ya njia ya mkojo.

Wakati wa masika, robota likaguliwe kabla ya kununuliwa, kwani nyasi zenye ukungu hazifai kabisa. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya, hata yakiwa mabichi na ya bure, asipewe.