Kabine ya daktari wa wanyama Himbi: walivyompatia nyumba paka wangu asiyeishi na paka wengine

Nawaandikia wenzangu wa Goma waliookota paka barabarani na hawajui wampeleke wapi. Mimi nilihangaika hivyo tangu mwezi wa tatu mpaka wa nane.

Ni dume jeusi, sikio moja limechanika. Nilimkuta kwenye ukuta wa mawe ya volkano nyuma ya parseli yetu Mabanga, mguu umevimba, sauti imemkauka. Watoto wakamwita Makoro. Nyumbani nina paka jike wawili, wazee na wapole, nikadhani watazoeana. Nilimpa chumba chake, nikawa nabadilisha vitambaa vyao vya kulalia ili wajuane kwa harufu, nikawalisha huku na huku ya mlango uliofungwa. Wiki tisa. Siku niliyofungua mlango kidogo tu, alimrukia yule mkubwa akamng'ata shingoni. Jeraha la meno ya paka linadanganya: juu linaziba upesi, chini usaha unajaa. Siku ya tatu shingo ilikuwa na uvimbe kama limau.

Ndipo nikafika kwenye kabine hii. Dokta alimtibu jike wangu, akamhasi Makoro na kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao paka pia anaupata na kuupeleka kwa watu. Akaniambia homoni za dume zinabaki mwilini wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, kwa hiyo tungoje. Tukangoja wiki sita. Kwa watu alikuwa mpole kabisa, analala mapajani mwa mama yangu. Akisikia paka tu, hata nyuma ya mlango, manyoya yanasimama. Dokta akasema, "Mama, huyu si mbaya. Ni wa kukaa peke yake. Usimpige, tumtafutie nyumba." Nililia palepale. Daktari mwingine hapa mjini alikuwa ameniambia nimtupe tu sokoni, eti huko panya ni wengi.

Sababu hasa ya kuandika haya ni daftari la dokta wa Himbi. Wenye depo za unga na maharage wanakuja kwake kuulizia paka kwa sababu ya panya, naye anaandika majina yao. Lakini hatoi paka hovyo. Wa kwanza alikuwa na paka tayari, akasema watazoeana mbele kwa mbele, dokta akakataa. Wa pili hakuweza kueleza paka atalala wapi. Akamkataa pia, nami nikashukuru, maana tunajua wapo wanaotafuta paka kwa ajili ya sufuria. Wa tatu ni mama muuza maharage wa Keshero. Dokta akamuuliza kama anaweka sumu ya panya. Akajibu ndiyo, kwenye kila kona. "Basi itoke kwanza, Mama. Paka akila panya mwenye sumu, na yeye anakufa." Yule mama akafagia depo nzima, akaniita nije kuona kwa macho yangu.

Kasoro zipo. Wagonjwa wote wanangojea kwenye benchi moja, mbwa na paka pamoja, na kwa mnyama kama Makoro hayo ni mateso, alijikojolea kikapuni. Nilipowaambia, walinipangia saa mbili asubuhi kabla ya wengine, ikasaidia. Wangeweka hata pazia tu. Na hawana kizimba cha kuazima. Changu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea vyuma Birere. Kuhasi na chanjo nililipa dola 30, na kwa kazi ya kutafuta nyumba hawakunidai hata faranga.

Tulimpeleka Keshero kwa moto, yaani pikipiki, motari akienda polepole kwa ajili ya mashimo. Dokta aliagiza afungiwe ndani wiki tatu, la sivyo angejaribu kurudi Mabanga.

Nilipokwenda kumwona nilibeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alishuka kwenye gunia, akanusa viatu vyangu vyenye harufu ya wale majike, akaunguruma na kurudi juu. Yule mama akaniambia, "Dada, acha viatu nje." Nikaviacha. Nilipoingia tena alikuja mwenyewe, akajilaza juu ya miguu yangu.