Kipimo cha haraka cha troponini: kinasaidia, lakini mstari mmoja usimrudishe mama nyumbani

Troponini ni protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo inapoumia. Anayejua kipimo cha haraka cha malaria atakielewa hiki mara moja: kaseti ndogo, matone machache ya damu, alama za C (kipimo kimefanya kazi) na T (troponini imeonekana), jibu baada ya dakika 15. Kwa kliniki iliyo mbali na maabara kubwa, tunakisifu. Mstari wa T ukitokea, hata uliofifia, kwa mtu mwenye dalili, mchukulie ana mshtuko wa moyo. Atafune aspirini ya miligramu 300 kama haimdhuru na hatoki damu, kisha apelekwe haraka hospitali yenye wataalamu wa moyo. Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago. Ugonjwa wa figo nao huweza kupandisha troponini, ila hilo likaamuliwe hukohuko.

Shida ni pale T isipotokea. Troponini huchukua saa 3 hadi 6 kuonekana vizuri kwenye damu, kwa hiyo aliyewahi kufika huonekana hana kitu kumbe anacho. Tena kaseti nyingi hushika kuanzia nanogramu 0.5 kwa mililita, yaani 500 kwa lita. Mashine nyeti ya maabara, ya kampuni ya Abbott, huanza kutilia shaka kwa mwanamke ikizidi nanogramu 16 kwa lita, kwa mwanamume 34. Mshtuko mdogo wa mama hupita hapo bila kuonekana.

Na mama huyo mara nyingi hasemi "kifua kinauma" tu. Anasema pumzi inakata, anatoka jasho baridi, kichefuchefu, maumivu ya taya au katikati ya mabega, uchovu asiouzoea. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo, anapewa dawa ya kiungulia, na kaseti yenye mstari mmoja inalitia muhuri kosa hilo. Hatari hiyo ni kubwa mno.

Basi andika saa dalili zilipoanza, na urudie kipimo baada ya saa 3 hadi 6. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ifanywe ndani ya dakika 10 tangu afike, vibandiko vya kifuani vya V4 hadi V6 vikiwekwa chini ya titi, si juu yake. ECG safi ya mara moja nayo haitoshi.

Kaseti hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 30. Duka la Gulu mwezi wa Februari linaweza kuzidi hapo. Usifungue pakiti mapema, unyevu huiharibu, wala usisome jibu baada ya dakika 20. Kabla ya kununua, tafuta kwenye karatasi ya maelezo kiwango inachoanzia kushika. Kisipoandikwa, usinunue.