Unguja hadi Pemba kwa nusu saa, na asubuhi nzima ya kunyamaziwa

Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi uwanja wa Pemba, pale Chake Chake, ni kama kilomita 125 kwa njia ya anga, na ndege ndogo ya injini moja huzimaliza kwa takriban nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo iliyonifanya niiache boti siku niliyopata habari ya kufariki kwa shangazi yangu huko Wete, kwa sababu maiti hasubirishwi, na jamaa walikuwa wamekwisha kuniarifu kwamba atazikwa baada ya sala ya Adhuhuri. Wapo wanaoiogopa bahari ya Nungwi tangu meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011, na siwalaumu, lakini mimi niliifuata ndege kwa ajili ya haraka tu.

Safari ilikuwa ya saa mbili asubuhi. Tulipimwa uzito mmoja mmoja pamoja na mizigo yetu, jambo ambalo sina neno nalo, kwani ndege ya viti kumi na vichache haipakiwi kwa kukisia. Kisha tukaketi. Saa mbili ikapita, saa tatu nayo ikapita, na hakuna aliyetujia hata kwa salamu. Nilipokwenda kumuuliza kijana wa kampuni aliyekuwa kaunta ndege imekwama wapi, hakuinua macho kwenye simu yake, alinijibu, "Mzee, ikija utaiona." Nikamweleza kwamba nimefiwa na ninawahi maziko. Akasema kila abiria ana haraka zake, akageuka kuzungumza na mwenzake.

Kuchelewa ningekusamehe. Baadaye rubani, mtu wa adabu aliyetupa pole kabla ya kuwasha injini, alitueleza kwamba ndege ilikuwa imepangiwa safari nyingine tangu alfajiri. Kumbe walijua! Lau wangeniambia wakati ule ninapanda mzani, ningechukua teksi hadi bandarini Malindi, ambako boti ya asubuhi ilikuwa bado gatini, nikateremka Mkoani na pengine nikaiwahi sala.

Tuliruka Adhuhuri ikiwa imekwisha kuadhiniwa. Safari yenyewe ilikuwa tulivu, tukaipita Mnemba, na muda si muda mikarafuu ya Pemba ikawa chini yetu; kwa ajili ya rubani yule nilikuwa nimeazimia kuwasema kwa upole. Lakini Wete niliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini, miguu yao ina udongo mbichi, na shangazi aliyenilea nikiwa mdogo amekwisha kustiriwa bila ya mimi kulishika jeneza lake. Upole huo naufuta. Mwenye msiba Pemba na aende Malindi akaulizie boti kwanza, na ndege hizi aziachie wasio na miadi, hata kama ni kweli kwamba zikiruka hakuna kinachozishinda kwa wepesi.

Niliporudi Unguja nilikwenda ofisini kwao, wakanionyesha maandishi ya kwenye tiketi kwamba saa za safari zinaweza kubadilika. Zibadilike. Namba yangu ya simu wanayo, na alfajiri ile ile walinipigia kunihimiza nisichelewe.