Apu imenipa nyekundu kwa sababu ya mto, na swali lenyewe haikuniuliza

Naandika nikiwa bado na hasira maana najua nikipoa ntaacha, na kesho kuna mkulima mwingine atajaza fomu ileile apewe rangi ileile na hatajua imetoka wapi. Ni apu ya simu inayompima mkulima hatari ya mazao yake kuchafuliwa na vijidudu, kijani ni salama na nyekundu ni hatari. Sielezi inapakuliwaje wala ina kurasa ngapi, hayo utayaona mwenyewe kwenye simu. Nataka kuongelea swali moja tu, swali la maji, na kijana mmoja wa huduma kwa wateja.

Ilikuwa karibu na mavuno, nyanya zimeanza kubadilika rangi, mnunuzi akasema msimu huu hachukui mzigo wa mtu ambaye hajajaza tathmini ya hatari kwenye simu. Sawa. Sikukataa, tena nilifurahi, maana chakula kinachotoka kwangu kinaliwa kibichi, na mtu akila nyanya yangu akaanza kuharisha damu mimi usingizi sitapata. Nikageuza kreti, nikakaa pale mwisho wa matuta nikaanza kujaza. Samadi, nikajaza. Wanyama wanaoingia shambani, nikajaza. Choo na sehemu ya wavunaji kunawa mikono, nikajaza. Nikafika kwenye maji: unatumia maji ya wapi? Bomba, kisima kirefu, kisima kifupi, bwawa, mfereji, mto. Mimi natumia mto, nikabonyeza mto. Ule mstari wa juu ya skrini uliokuwa kijani ukageuka mwekundu palepale, kidole hata sijakiondoa vizuri, na chini pakatokea maneno: hatari kubwa, badili chanzo cha maji. Nikasubiri swali linalofuata, nikajua sasa wataniuliza hayo maji yanafikaje kwenye mmea. Likaja swali la mafunzo ya wafanyakazi.

Yaani basi? Habari ya maji imeishia hapo?

Jamani, shamba langu lote ni dripu. Maji ya mto yanaingia kwenye tangi, yanachujwa, yanapita kwenye mipira iliyolala chini ya matandazo, yanadondoka kwenye shina. Nyanya zenyewe zimefungwa kwenye kamba ziko juu kule, hazigusi udongo. Jirani yangu analima saladi, tumepakana. Yeye ana kisima kirefu, ila maji akishayavuta anayaweka kwenye bwawa la wazi ambalo ndege wanashinda humo, halafu anayarusha kwa springla juu ya majani, majani ambayo mtu anayala hivohivo bila kupitisha motoni. Yeye kapata kijani. Sina ugomvi na jirani, alijibu alichoulizwa na mimi nikajibu nilichoulizwa, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa hata siku moja kwenye mafunzo ya usalama wa mboga na matunda anajua kwamba pale maji yanapotoka ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni kama yanagusa sehemu inayoliwa, na yanaigusa siku ngapi kabla ya kuvuna. Hiyo siyo elimu ya siri, mwongozo wa Codex, ile tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, wa usafi wa matunda na mboga mbichi upo tangu 2003 na jambo hilo limo.

Nikapiga namba ya msaada. Akapokea kijana, nikamsalimia, nikamweleza taratibu kama nilivyoeleza hapa. Akaniambia, "Mama, mfumo haukosei. Unasoma ulichojaza wewe." Nikamwambia, mwanangu, sijasema umekosea kusoma, nasema kuna swali halijaulizwa. Akasema, "Labda maswali hukuyaelewa, tafuta mtu aliyesoma akusaidie kujaza." Kisha akakata.

Nilikaa na ile simu mkononi sijui muda gani. Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, hajaniuliza hata nalima nini, hajaniuliza mto ukoje, na ananiambia nitafute mtu aliyesoma. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nisingeweza kumpigia mnunuzi nikamwambia ile rangi haina maana, kwa sababu mnunuzi haoni maelezo yangu, anaona rangi tu. Mimi kwake ni kidoti chekundu kwenye orodha.

Na rangi inaumiza watu, msidhani nakuza mambo. 2011 kule Ujerumani watu walianza kuugua kwa bakteria wa kinyesi anayeitwa E. coli, aina kali ya O104:H4, zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Mwanzoni lawama zikaangukia matango ya Hispania. Wakulima wakamwaga matango, soko likafungwa usoni mwao, kumbe siyo matango, mwishoni ikaonekana ni machipukizi ya mbegu za uwatu. Wale wakulima walipigwa nyekundu kama mimi, tofauti ni kwamba yao ilitangazwa dunia nzima. Ndo maana nasema, mtu anayetengeneza kitu cha kumpa mkulima rangi awe na hofu kidogo kabla ya kupaka.

Basi nikaamua ntawaonyesha. Nikaenda kuchukua sampuli ya maji nipeleke maabara, nilitaka karatasi ya kumpelekea mnunuzi. Nilifanya kila kitu kama nilivyofundishwa: chupa ya maabara iliyosafishwa, sikugusa mdomo wake wala ndani ya kifuniko, niliingia majini nikaelekeza chupa kule maji yanakotokea ili nisichote tope lililotibuliwa na miguu yangu, nikaacha nafasi kidogo juu, nikaiweka kwenye kiboksi cha barafu na siku hiyohiyo ikafika. Majibu yakaja: E. coli kwenye mililita 100 tarakimu nne. Nne. Ile E. coli ya kawaida inayopimwa siyo lazima iwe yenyewe inayoua, ila inakuambia kinyesi kimepita humo, na kinyesi kikipita ndo na wenzake wabaya wanaweza kuwemo. Hata hivyo nikashikilia msimamo wangu. Maji ni machafu, sawa, lakini hayagusi nyanya! Nikamwonyesha ile karatasi kijana anayenisaidia kupuliza dawa, namweleza kwa nini bado sisi tuko salama kuliko tunavyochorwa.

Akaniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Mama, na maji ya kuchanganyia dawa je?"

Mwili uliniisha nguvu. Maana nilimwona kwa macho yangu, siku nyingi, anashuka ukingoni na lile bomba la mgongoni la lita kumi na sita, analiinamisha mtoni linajaa, anapima dawa kwa kifuniko, anakoroga, anapanda. Na akipuliza hapulizi shina. Anapuliza majani na matunda, pande zote, mpaka yanang'aa. Maji yaleyale ya tarakimu nne, nilikuwa nayapaka mwenyewe juu ya nyanya, tena wakati mwingine karibu na mavuno kwa sababu dawa nyingine siku zake za kusubiri kabla ya kuvuna ni chache. Na mtu asijidanganye kwamba dawa itaua hivyo vijidudu. Dawa ya wadudu inaua wadudu, bakteria ni habari nyingine, na kuna dawa ambazo zikishachanganywa na maji, Salmonella, bakteria mwingine wa kuharisha, inaendelea kuishi humo vizuri tu. Ile saladi ya Marekani ya 2018, ile ya eneo la Yuma, Arizona, iliyofanya watu 210 waugue na 5 wafe kwa E. coli, bakteria yuleyule aliyewaumiza alikutwa kwenye maji ya mfereji wa kumwagilia, na wachunguzi walipotaja njia ambazo maji yale yangefika kwenye majani, kuchanganyia dawa ilikuwa mojawapo. Hilo nilishawahi kulisoma. Nimelisoma na bado kila wiki nilikuwa naangalia bomba likizamishwa mtoni na sikuunganisha.

Kwa hiyo apu ilikuwa sahihi? Siku mbili nzima nilijiambia ndiyo, ilikuwa sahihi, nikafuta na maoni mabaya niliyokuwa nimeandika nikaweka nyota nne, nikasema hata kama kijana hana adabu mfumo umeniokoa.

Halafu usiku nikawaza, ngoja nijaribu kitu. Nikafungua fomu mpya, nikajaza kila kitu vilevile, nikabadili jibu moja tu, badala ya mto nikaweka kisima kirefu. Kijani. Kijani safi, na kialama cha tiki.

Mnaona? Ningefuata ushauri wao, nikachimba kisima kwa gharama ya kuuza nusu ya mali yangu, nikaunganisha dripu kwenye kisima, wangenipongeza. Na kijana wangu angeendelea kushuka mtoni na bomba mgongoni kwa sababu mto uko karibu na matuta kuliko kisima kitakavyokuwa, na hakuna mahali popote kwenye ile fomu panapouliza dawa unachanganyia maji gani, wala kreti mnazioshea wapi, na kreti pia tulikuwa tunazioshea mtoni, ntasema ukweli wote. Nyanya zingeondoka shambani kwangu na rangi ya kijani zikiwa zimepakwa maji yaleyale. Ile nyekundu ilinipata kwa bahati, kama mtu anayerusha jiwe gizani. Kijani yao ndo inayonitisha mimi sasa, natamani nimpigie jirani wa saladi nimwambie asiiamini, na nilimpigia kweli.

Msiniambie ni kazi ngumu kuuliza maswali hayo kwenye simu. Wanaweza, na ushahidi umo ndani ya apu yao wenyewe, kwenye sehemu ya samadi. Ile sehemu, lazima niseme haki, ni nzuri sana, sijaona nyingine kama hiyo. Inakuuliza samadi mbichi au imeozeshwa, uliiweka tarehe gani, unategemea kuvuna lini, na zao lako sehemu inayoliwa inagusa udongo au haigusi. Halafu inahesabu. Wanafuata ile hesabu inayotumika kwenye kilimo hai Marekani, siku 120 kama inagusa udongo na 90 kama haigusi, na kuna tuta langu la karoti ilinizuia, ikaniambia bado siku kadhaa, nikaenda kwenye daftari langu nikakuta mimi ndo nilihesabu vibaya. Pale nilifurahi mpaka nikampigia dada yangu. Na inafanya kazi bila mtandao, data ikirudi inajituma yenyewe, mtu anayekaa shambani anajua hiyo ni neema.

Sasa niambieni, anayejua kuuliza kama karoti inagusa samadi anashindwaje kuuliza kama saladi inaguswa na maji? Aliyeandika sehemu ya samadi alishawahi kukanyaga shamba. Aliyeandika ya maji alikaa ofisini akapanga vyanzo kwa usafi, bomba juu mto chini, akaenda kula. Hata Marekani wenyewe kanuni yao ya 2015 ya usalama wa mazao ilianza kwa kumpa mkulima namba, wastani wa E. coli 126 kwa mililita 100, malalamiko yakawa mengi, na 2024 wakaiondoa kwa maji yanayotumika kabla ya mavuno, wakasema mkulima aangalie mfumo wake mzima: chanzo, yanavyosafiri, yanavyofika kwenye zao, zao lenyewe, hali ya hewa, na nani yuko jirani. Hayo yote ni maswali sita saba. Fomu hii inayo arobaini na kitu, na mojawapo ni rangi ya uzio wangu.

Ukiniuliza nakushauri uitumie, nakuambia itumie, kwa ajili ya samadi na kwa ajili ya kukukumbusha mambo ya kunawa mikono. Kwenye maji usiisikilize. Hapana, isikilize ikikupa nyekundu, ila ikikupa kijani simama, zunguka shamba lako na mtu anayepuliza dawa, mwambie akuonyeshe kila mahali anapochota. Mimi nyota nne nimezishusha, sasa hivi ni mbili, na ya pili ni ya samadi.

Mimi nimeweka pipa la bluu lenye kifuniko pale mwisho wa matuta, linajazwa maji ya kisima cha nyumbani, nilipima na hayo, E. coli haikuonekana kwenye mililita 100. Dawa inachanganyiwa hapo tu, na kreti zinaoshwa kwa maji hayohayo, nyumbani, juu ya simenti. Nyanya zilizokuwa zimepulizwa zikikaribia kuvunwa sikuziuza. Nilizichuma, nikazifukia, na nililia. Niliwaandikia wenye apu kurasa mbili kuhusu maji ya kuchanganyia dawa, wakanijibu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Msimu huu nimejaza tena fomu, pipa liko pale, nimekaa kwenye kreti lilelile, swali la maji ni lilelile, nikabonyeza mto kwa sababu dripu bado ni ya mto. Nyekundu.