Uzoefu wangu: Optimum No Rinse, kuosha gari kwa mkono kwenye baridi ya Minnesota

Optimum No Rinse, ambayo watumiaji wake wengi huiita ONR tu, ni dawa ya buluu ya kuoshea gari bila kusuuza. Nimeitumia kwenye gari jeusi la matumizi ya kila siku hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, katika miezi ambayo bomba la nje hufungwa na maji yake kutolewa ili lisipasuke kwa barafu. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa majira haya ni dawa nzuri sana ya hatua ya pili. Ukiifanya hatua ya kwanza, juu ya gari lililoshika ukoko wa chumvi na mchanga, utaichana rangi kisha lawama ziiangukie chupa.

Mwenye kiu ya povu jingi ataikinai siku ya kwanza. Haitoi povu la maana. Kazi yake ni kuuzunguka uchafu na kuufanya uteleze, ili kitambaa kiuinue badala ya kuuburuza. Kipimo cha kuoshea ni sehemu 1 ya dawa kwa 256 za maji, yaani mililita 15 kwenye galoni moja (lita 3.8). Galoni hiyo inatosha gari dogo zima, kwa hiyo chupa ya mililita 946 inatoa ndoo zipatazo 63. Usimimine kwa kukadiria macho. Dawa ikizidi haisafishi zaidi, inaacha michirizi na rangi inanata ukiipitishia kiganja. Kabomba kadogo ka sindano ya dawa ya watoto kanapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa.

Sasa huo uchafu wenyewe. Barabara za huku hupata chumvi ya kawaida, ambayo nguvu yake ya kuyeyusha barafu hupungua sana joto likishuka chini ya nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, huchanganywa kloridi ya magnesi au ya kalsi, na pengine mchanga hutupwa ili matairi yashike. Kloridi hizo zinavuta unyevu hewani, ndiyo maana gari linaonekana bichi hata siku kavu. Chumvi hula chuma pale rangi ilipodondoka, na chini ya gari. Anayekwaruza rangi ni mchanga. Maadui wawili hawa hawatolewi kwa kitambaa kimoja.

Kwa hiyo naanzia kituo cha kuoshea magari cha kujihudumia, kile cha kutumbukiza sarafu. Natumia bunduki ya presha na maji matupu, dakika 4 au 5. Ile brashi yao ya povu siigusi: imepita kwenye malori na pikapu kabla yangu, na imebeba mchanga wote wa huko. Anza ndani ya madigadi, kingo za chini ya milango, chini ya bampa ya nyuma, kisha panda juu. Mdomo wa bunduki ukae umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye rangi. Nenda mchana, siku ambayo joto limegusa sifuri au kupita. Chini ya gari ONR haifiki kabisa, na huko ndiko kutu inakoanzia. Anayepanga kuruka kituo hiki asiinunue dawa hii kwa ajili ya baridi, angoje Mei, baridi ikiisha.

Ukitoka hapo, ingiza gari gerejini, yaani banda la gari la nyumbani. Nyuzi 5 za Selsiasi kwenda juu zinatosha. Nje, chini ya sifuri, kazi haifanyiki, kwa sababu dawa hii haizuii maji kuganda. Wapo wanaoongeza kwenye ndoo yale maji ya wipa ya majira ya baridi ili maji yasigande. Msifanye hivyo jamani. Mengi yana methanoli: yanaondoa nta, na mvuke wake ndani ya gereji iliyofungwa ni sumu. Jambo jingine la gereji ambalo wengi hulielewa kinyume: gari lenye chumvi likilala kwenye gereji yenye joto hushika kutu haraka kuliko likilala kwenye baridi kali, maana joto huharakisha kutu. Kama hulioshi, joto la gereji halilisaidii.

Maji ya ndoo yawe vuguvugu, kiasi cha nyuzi 40, mkono uvumilie bila taabu. Maji ya moto sana kwenye kioo cha mbele kilichoganda, hasa chenye kidonda cha jiwe, yanaweza kukipasua. Tia vitambaa 8 vya maikrofaiba ndani ya ndoo hiyo, vyote kwa pamoja. Pembeni weka pampu ya kunyunyizia ya lita 2. Humo natia dawa karibu mara mbili ya kipimo cha ndoo, mililita 15, kwa sababu ukungu wa chumvi uliobaki ni mkaidi.

Nyunyizia kipande kimoja cha bodi, subiri dakika 2 au 3. Hapa baridi inasaidia: dawa haikauki haraka. Aliyewahi kuosha gari jua la saa saba mchana Mombasa au Dar anajua sabuni inavyokauka kabla hujafika mlango wa pili. Toa kitambaa kimoja, kikamue kidogo tu kibaki kimeloa, kikunje mara mbili upate nyuso 8. Pitisha uso mmoja kwa mstari mnyoofu, bila kukandamiza, kisha geuza uso mwingine. Nyuso zikiisha, kitambaa kinaenda sakafuni, hakirudi ndooni. Utaratibu wote umesimama juu ya sharti hilo. Sponji kubwa jekundu la kampuni hiyohiyo ya Optimum ni zuri wakati wa kiangazi, lakini linarudi ndooni kila mara, na huku mchanga wa Januari hauhitaji nafasi ya pili.

Anza na paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango. Halafu nusu ya chini. Buti na bampa ya nyuma ni za mwisho, kwani upepo wa gari likienda huvutia uchafu wote wa barabara upande huo. Rimu zina vitambaa vyake vya zamani, visichanganywe kamwe. Ukisikia kitambaa kinakwaruza, simama hapohapo, nyunyizia tena, badilisha uso. Na kama bodi ikikauka unaona ukungu mweupe, chumvi bado ipo: rudia kwa kitambaa kipya, usiongeze dawa ndooni.

Kukausha ndiko watu wanakoharakisha, na ndiko baridi inakowaadhibu. Baada ya bodi, fungua milango yote, buti na kifuniko cha tangi la mafuta, ufute raba, kingo za ndani na vitasa. Maji yakibaki kwenye raba yanaganda usiku, asubuhi unavuta mlango na raba inachanika. Raba zikishakauka, zipake silikoni nyepesi kwa kitambaa. Kabla ya kuegesha nje, zunguka mtaa ukikanyaga breki mara kadhaa ili diski zikauke. Breki ya mkono iliyoloa inaweza kuganda. Kwenye ardhi tambarare weka gia ya P na uiache. Baadhi ya magari yenye breki ya umeme huifunga yenyewe, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako.

Kasoro? Kwenye vioo inaacha utando unaoonekana taa za gari la mbele zikikumulika usiku. Napitisha kitambaa chenye maji matupu, kisha kikavu. Lami haiitoi, inataka dawa yake. Rangi isiyo na nta inahitaji kupitiwa mara mbili, kwa hiyo paka nta au kinga nyingine mwezi Oktoba, chumvi itaachia kwa urahisi zaidi. Upande wa faida, ONR hiyohiyo kwa kipimo cha 1 kwa 64 inalainisha udongo wa kutolea chembe zilizonasa kwenye rangi, na kwa 1 kwa 16 inafutia vumbi jepesi. Chupa moja basi inafanya kazi za chupa tatu, na ndiyo sababu nitanunua tena.

Vitambaa vifue peke yake, bila kilainishi cha nguo, kwa sababu kinaziba nyuzi zake. Chupa ikae ndani ya nyumba isigande. Maji machafu yamwage kwenye sinki la kufulia. Ukiyamwaga kwenye njia ya gari yanageuka barafu, na wa kwanza kuteleza huwa ni mleta barua.