Chujio la kuondoa floridi: miezi saba nalo jikoni

Hii mashine niliinunua kwa hofu, niseme ukweli. Shemeji yangu alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kila usiku, dakika nane nane: "Shem, maji ya bomba wanayatia floridi, ni masalia ya viwanda vya mbolea, unamnywesha mtoto sumu." (Floridi ni madini yanayotiwa kwenye maji ili meno yasitoboke.) Nami nina mtoto mchanga wa wiki tano anayenyonya chupa, usingizi sijui unafananaje. Mtu aliyekesha hana nguvu ya kubishana. Anafungua simu na kuagiza.

Nilianza na jagi lenye chujio la mkaa, kwa kuwa ni rahisi na boksi lake lilijisifu kwamba linapunguza "madini hatari". Wiki tatu nikawa na amani. Kisha shemeji (huyo huyo) akaniambia mkaa wa kawaida haushiki floridi, nikapanda daraja: mashine ya kukaa juu ya meza, ile inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye matundu madogo mno. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Kama mashine, haina makuu. Ina ukubwa wa maikrowevu, inanguruma kama friji ya zamani, na glasi moja inachukua dakika moja na nusu kujaa. Ukiweka lita tano, unakunywa tatu. Mbili zinabaki kwenye tangi la nyuma zikiwa zimebeba chumvi zote, na kazi yake kwangu ni kudekia. Asiyependa kupoteza maji atanuna kila siku. Ladha ya maji yenyewe imepooza, hayana uhai, ingawa mume wangu anayasifu.

Ndani ya boksi kulikuwa na kalamu ya kupimia. Nikaichovya kwenye maji ya bomba ikasoma 212, kwenye maji ya mashine ikasoma 14. Niliruka! Nikapiga picha, nikamtumia shemeji, tukapongezana. Siku kadhaa baadaye nikasoma maelezo kwa utulivu: kalamu ile inapima jinsi umeme unavyopita majini, yaani jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka. Floridi peke yake haiioni. Ni sawa na kuweka gunia zima kwenye mizani ukitaka kujua kama ndani kuna punje moja ya pilipili. Watengenezaji wanaiweka kalamu hiyo kwenye boksi wakijua fika sisi tutaelewa nini, na kwa hilo nimewakata nyota moja.

Basi nikaongeza gharama, nikatafuta kipimo cha rangi. Unatia dawa nyekundu kwenye maji, na floridi inaila ile rangi. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo wekundu unavyofifia, na kifaa kinakusomea. Bomba: miligramu 0.7 kwa lita. Jagi la mkaa: 0.7, halikugusa kitu. Mashine: chini ya 0.1. Nikachemsha lita moja ya bomba mpaka ikabaki nusu, nikaiacha ipoe, nikapima: 1.4. Mama mkwe alikuwa amenihakikishia kwamba kuchemsha kunatoa kila kitu. Kunaua vijidudu, ndiyo, lakini floridi haipandi na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Kwa hiyo mashine inafanya kazi. Tatizo langu ni ile 0.7.

Hicho ndicho kiwango ambacho Marekani imekipendekeza tangu 2015 kwa maji yanayoongezwa floridi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi 1.5. Maji yanayoharibu watu kweli ni yale ya asili, ya visima vya Bonde la Ufa au sehemu za India na China, ambako ardhi yenyewe inatia floridi kuliko mhandisi yeyote, meno yanageuka kahawia na mifupa inapinda. Hata ile ripoti ya kisayansi ya Marekani ya 2024 kuhusu akili za watoto, ambayo shemeji anaitaja kama msahafu, ilizungumzia viwango vinavyozidi 1.5. Kuhusu kiwango cha 0.7 ilisema ushahidi hautoshi kuamua. Shemeji anaikata sentensi kabla haijafika hapo.

Kwenye mbolea hakudanganya, lakini. Asidi inayotumika sana kutia floridi majini hupatikana viwandani wakati fosfeti inatengenezwa kuwa mbolea. Ila ikishayeyuka, floridi ni floridi, haikumbuki ilikotoka.

Na faida yake? Jiji la Grand Rapids, Marekani, lilianza kutia floridi majini mwaka 1945, na meno ya watoto wake yaliyotoboka yakapungua sana. Lakini wakati ule dawa ya meno yenye floridi haikuwa kila bafuni. Leo ipo, na tafiti mpya zinaonyesha faida ya maji imekuwa ndogo kuliko zamani. Ndogo si sifuri: Calgary, Kanada, waliacha mwaka 2011, watafiti wakakuta watoto wao wana meno mabovu kuliko wenzao wa Edmonton, jiji lililoendelea kuitia, na mwaka 2025 Calgary ikairudisha.

Mimi nimefika hapa: pale floridi ya asili iko chini, waitie, na waandike kiwango mahali kila mtu atakapokiona. Hoja ya shemeji ninayoiheshimu ni kwamba hakuna aliyetuuliza. Lakini tazama nani anaweza kukataa: mimi mwenye mashine. Na nani anaihitaji zaidi? Yule asiyeweza kumlipa daktari wa meno, ambaye hata mashine hii hawezi kuinunua.

Kama unafikiria kununua, pima maji yako kwanza, au waulize wanaoyasambaza wakupe kiwango. Ukikuta 3 au 4, nunua hata leo. Ukikuta 0.7, huna haja nayo, labda uwe na mtoto anayeishi kwa maziwa ya kopo tu, maana kichanga huyo anakunywa maji mengi kwa uzito wake, na meno yake ya kudumu yanaweza kuja kuota na madoadoa meupe. Si ugonjwa, ila yanaonekana.

Kwangu sasa mashine ni ya chupa za mtoto tu. Dada yake wa miaka minne anakunywa bomba na kupiga mswaki kwa dawa isiyozidi punje ya mbaazi. Nyota tatu kati ya tano. Jagi la mkaa nimelipandia mnanaa.