Petroli yenye ethanoli kwenye Rotax 912 ULS: uzoefu wangu Kajjansi

Nianze na hukumu kwa ajili ya asiye na muda wa kusoma yote. Kwenye Rotax 912 ULS, injini ya ndege ndogo, petroli yenye ethanoli (pombe) isiyozidi asilimia 10 inafanya kazi vizuri, na mimi nitaendelea kuitumia. Kwenye Cessna yenye injini ya Lycoming au Continental, usiitie hata lita moja. Mengine yote nitakayoeleza hapa hayahusu sana injini. Yanahusu tangi, mipira ya mafuta, kifuniko, mvua, na muda ambao ndege inakaa bila kuruka.

Ndege yangu ni ya viti viwili, mabawa juu, tangi za alumini ndani ya mabawa. Inalala Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege hapa Uganda, kando ya barabara ya Entebbe, kwenye kimo cha futi 3,700 hivi. Nairusha mwenyewe kwa shughuli zangu na kwa furaha yangu, na ninayeitunza pamoja naye ni fundi aliyefanya kazi na injini hizi ndogo kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyenishikia chupa ya sampuli juani siku moja akasema, “Kapteni, hii petroli ina pombe.” Tangu hapo tukaanza kupima kila jerikeni linaloingia hanga.

Kwa nini petroli ya mjini, ile ya magari, kwanza? Watu huona ni ubahili. Avigasi, petroli maalumu ya ndege, ni ghali, ndiyo, na kuna nyakati inaadimika, lakini sababu yangu kubwa ni risasi, ile metali inayochanganywa humo. Avigasi ya 100LL, ile ya rangi ya buluu, ina risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Injini kubwa za zamani zinaimudu. Rotax inafanya kazi vizuri zaidi na mafuta yasiyo na risasi. Ukiilisha avigasi mfululizo, uchafu wa kijivu unajikusanya kwenye plagi, kwenye tangi la oili na ndani ya giaboksi, kwa sababu oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolainisha giaboksi. Ndiyo maana anayetumia avigasi kwa zaidi ya asilimia 30 ya saa zake anashauriwa kubadili oili kila baada ya saa 25. Kwa petroli safi muda huo ni mrefu zaidi, na oili inayotoka ina sura ya oili. Plagi zangu sasa hutoka na rangi ya kahawia hafifu. Fundi wangu huzipanga mezani akazitazama kwa raha.

Watengenezaji wa Rotax wenyewe wanaruhusu ethanoli hadi asilimia 10 kwenye familia ya 912, kwa sharti la oktani, yaani uwezo wa petroli kuzuia injini isigonge, unaopimwa kwa namba ya RON: 912 UL ya nguvufarasi 80 inataka angalau RON 90, na ULS ya nguvufarasi 100 inataka 95. Kwa hiyo mimi hununua ile ya 95 tu, hata kama inanibidi nivuke mji. Angalia lakini: ruhusa hiyo ni ya injini. Haisemi lolote kuhusu tangi lako wala mipira aliyoweka aliyeunda ndege yako. Ukitaka kujua hayo, fungua kitabu cha ndege, si cha injini. Kama kitabu cha ndege kinakataza ethanoli, habari imeishia hapo.

Kuhusu nguvu, sikuona tofauti ya kusimulia. Ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na petroli kwa lita, hivyo mchanganyiko wa asilimia 10 unapoteza asilimia 3 au zaidi kidogo. Injini inayokunywa lita 18 kwa saa itakunywa 18 na nusu. Kwenye kupaa sikuhisi kitu. Kwenye hesabu ya akiba naongeza kidogo, basi.

Sasa maji, na hapa naomba tutulie, maana ndipo palipo na hatari yenyewe.

Sote tulifundishwa kwamba maji ni mazito kuliko petroli. Yanashuka chini ya tangi, asubuhi unafungua vali ya chini, unatoa kidogo kwenye kikombe, unayaona yamelala chini kama tone linalong'aa, unayamwaga, unaruka. Utaratibu huo umeokoa maisha mengi. Ethanoli inauharibu. Ethanoli na maji vinapendana. Maji yakiingia kwenye petroli yenye ethanoli hayashuki, yanayeyuka humo humo. Kikombe kinatoka safi kabisa, cheupe, cha kuridhisha, na maji yamo. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inaweza kubeba maji ya karibu nusu asilimia ikiwa kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila lita. Kwa tangi langu la lita 60 ni maji ya kujaza chupa ya soda, na yote yamejificha.

Yakikaa yamejificha, injini inayachoma bila shida. Tatizo ni kwamba uwezo huo wa kuyabeba unapungua kadiri mafuta yanavyopoa. Unaondoka Kajjansi mchana kwenye nyuzi 26. Unaelekea magharibi, unapanda hadi futi 10,000 kwa sababu Rwenzori ziko mbele na mawingu yako chini. Joto linashuka kwa takriban nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo huko juu ni nyuzi 13 hivi, na tangi limo ndani ya bawa linalopigwa na upepo huo wa baridi. Kama mafuta yalikuwa yamekaribia kikomo, sasa yanajitenga. Maji yanaiburuta ethanoli na kushuka nayo, na chini ya tangi, pale mafuta yanapochotwa, panakuwa na tabaka ambalo injini haiwezi kulichoma. Petroli inayobaki juu nayo imepoteza oktani, kwa sababu ethanoli ndiyo iliyokuwa inaipandisha. ULS iliyokuwa inapata 95 sasa inapata pungufu, na injini inaweza kuanza kugonga ukiwa umeikaza.

Mimi sijapatwa na hilo angani na sitaki kupatwa. Nimeliona kwenye chupa ya kioo, na lilitosha kunishawishi.

Kipimo chetu cha kwanza ni kuona kama kuna ethanoli na ni kiasi gani. Tuna bomba la kioo lenye alama za mililita 100. Tunatia maji 10, tunaongeza petroli hadi 100, tunaziba, tunatikisa, tunaacha litulie. Petroli isiyo na ethanoli inaacha maji pale pale kwenye 10. Ikiwa mstari wa maji umepanda, ethanoli imeingia humo, na kadiri ulivyopanda ndivyo ilivyo nyingi. Ukifika 19, jerikeni hilo haliingii ndegeni, tunalipeleka kwenye jenereta. Na hapa petroli hutofautiana: nimenunua mahali pamoja, wiki moja mstari haukusogea, baadaye ukapanda vizuri. Haifai kuamini jina la kituo. Pima.

Kipimo cha pili tulikibuni wenyewe pale hanga, kwa kufuata tu sayansi ya jambo. Nanunua barafu kwa wauza samaki, natia kwenye ndoo, natumbukiza chupa ya kioo yenye sampuli kutoka chini ya tangi, nje, mbali na kila kitu kinachoweza kutoa cheche. Tafadhali usitumie friji ya nyumbani. Mvuke wa petroli ndani ya friji unaweza kulipuka. Ikiwa sampuli inabaki angavu hata ikipoa sana, sina wasiwasi. Ikigeuka kuwa na ukungu, mafuta hayo yamebeba maji mengi na nayatoa yote. Msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, sirukii milimani bila kufanya hivyo.

Nimesikia wengi wakisema ethanoli “inakunywa maji kutoka hewani” mpaka tangi linajaa. Kunyonya huko kupo, lakini kupitia kipumulio kidogo cha tangi ni kwa polepole. Maji mengi niliyowahi kuyapata yaliingia kwa kifuniko ambacho mpira wake umechoka, mvua ya Kampala ikamiminika juu ya bawa usiku kucha. Badilisha mpira wa kifuniko kabla ya kuilaumu hewa. Na chujio la kutenganisha maji unalotumia wakati wa kujaza linazuia maji yaliyo huru tu. Yaliyoyeyuka ndani ya ethanoli yanapita.

Mipira na filta. Ethanoli inasafisha tangi la zamani kwa nguvu. Utando wote wa miaka unaachia na kwenda kwenye filta. Miezi ya mwanzo tulikuwa tunafungua filta mara kwa mara na kila mara palikuwa na kitu. Sasa hamna. Mipira ya mafuta Rotax inataka ibadilishwe kila miaka 5 hata bila ethanoli, na sisi tulipobadilisha tuliweka ya aina inayostahimili ethanoli kuanzia tangi hadi kabureta. Mpira wa kawaida unavimba, unalainika, halafu ukikauka unapasuka. Mwenye tangi la fiberglasi awe mwangalifu zaidi yangu, kwa sababu baadhi ya gundi zilizotumika zamani zinayeyushwa na ethanoli, na kilichoyeyuka kinaishia kwenye kabureta. Vyelezo vya kabureta vipimwe uzito kila ukaguzi: viwili kwa pamoja visizidi gramu 7, vikizidi vimenyonya mafuta na havielei tena inavyopaswa.

Joto la kaskazini ni jambo jingine. Petroli ya magari inatoa mvuke kwa urahisi kuliko avigasi, na ethanoli ya asilimia 10 inaongeza hali hiyo, nasi tayari tuko kwenye kimo ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo. Nilitua Pakuba, ndani ya hifadhi ya Murchison, saa saba mchana, nikazima, nikakaa na watu kidogo. Nilipowasha tena sindano ya mgandamizo wa mafuta ilikuwa inachezacheza karibu na bar 0.15, ambacho ndicho kiwango cha chini. Mafuta yalikuwa yamechemka kwenye mipira iliyo juu ya injini ya moto. Nilizima, tukaigeuzia pua kwenye upepo, tukafungua boneti, tukasubiri. Ilipopoa, kwa pampu ya umeme, sindano ilisimama imara na tukaruka. Tangu hapo tumefunika mipira yote iliyo karibu na ekzosi kwa kitambaa cha kukinga joto, na mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi tunauangalia kama una kizuizi. Kaskazini sasa natua asubuhi au jioni.

Baridi ya kabureta, yaani barafu inayoganda ndani yake, nayo isisahaulike. Ethanoli ikigeuka mvuke inachukua joto zaidi ya mara mbili ya petroli, hivyo kabureta inapoa zaidi, na hewa ya juu ya Ziwa Viktoria asubuhi imelowa. Nikielekea visiwa vya Ssese natumia joto la kabureta mapema zaidi kuliko nilivyozoea.

Narudi kwa wenye Cessna, maana hao ndio wanaonipigia simu. Wanasema Brazili ndege inaruka kwa ethanoli tupu. Kweli. Ipanema ya Embraer, ya kunyunyizia mashamba, ilipata kibali cha ethanoli mwaka 2004, na injini yake ni Lycoming. Lakini ile iliandaliwa kwa ethanoli kuanzia tangi na pampu hadi kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye silinda, maana ethanoli inahitaji kipimo kikubwa zaidi kwa hewa ile ile. Cessna yako haikuandaliwa hivyo. Hata vile vibali vya Marekani vya kutumia petroli ya magari kwenye Cessna 150 na nyinginezo, vya chama cha EAA na kampuni ya Petersen, vinasema wazi: isiwe na ethanoli. Lycoming nao, kwa injini chache walizoruhusu petroli, wanakataa ethanoli. Usidanganywe na kwamba injini iliwaka na kunguruma vizuri ardhini.

Na suala hili litakua. Uganda ina sheria ya mwaka 2020 ya nishati za mimea, inayosimamia uchanganyaji wa ethanoli kwenye petroli, na sera ya nishati jadidifu ya 2007 ilizungumzia hadi asilimia 20. Molasi tunayo, kiwanda cha sukari cha Kakira tayari wanatengeneza ethanoli. Kwa mkulima wa miwa ni habari njema na mimi naiunga mkono kwa moyo. Ila asilimia 20 ni mara mbili ya kikomo cha injini yangu. Ningeomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wizara wakae pamoja na sisi wenye ndege ndogo, ili angalau kituo kimoja karibu na Kajjansi kibaki na petroli ya 95 isiyo na ethanoli, na kila pampu iandikwe asilimia yake kwa herufi zinazosomeka.

Kwa anayetaka kuanza kesho: soma kitabu cha ndege, badilisha mipira kwanza, nunua bomba la kupimia. Usiache mafuta yenye ethanoli tangini kama ndege itasimama zaidi ya wiki chache; toa yote, uyatie kwenye gari, na ukirudi jaza mapya. Sisi tunaandika tarehe ya kununua kwa chaki kwenye kila jerikeni, pamoja na mstari wa maji ulipoishia.